Nguruwe na mboga katika chungu cha umeme, na umeme wenyewe ni wa Mtwara

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, naishi Shangani hapa Mtwara mjini. Dada yangu aliyeko Uingereza aliniletea chungu cha umeme, kile kinachopika polepole kutwa nzima. Nikajua nimepona: natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 11 jioni, nakuta chakula tayari. Nimeshapika nguruwe na mboga mara kadhaa na kila mara ni majuto. Mchuzi maji matupu, nyama imekauka ingawa nanunua steki safi, viazi vigumu, mchicha umekuwa uji. Wiki iliyopita nilirudi nikakuta umeme umekatika na chungu ni vuguvugu. Nilikula, ila kwa wasiwasi. Jirani ananishauri nikiuze. Nifanyeje? Na je, mchuzi huu ninaweza kumpelekea mama mkwe Masasi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usikiuze bado. Chungu chako kizima, ila unakipikia kwa desturi za jiko la mkaa, nacho kina desturi zake mbili: maji hayatoki, na moto wake hauna haraka. Karibu kila kilichokuharibikia kimetoka kwenye moja kati ya hizo mbili. Umeme ni jambo jingine, na nitalipa nafasi yake, maana hapo ndipo chakula kinapoweza kumlaza mtu kitandani.

Tuanze na maji. Sufuria ya mkaani hupumua. Mvuke unatoka pembeni mwa kifuniko, unafunua unakoroga, maji yanapungua, unaongeza. Ndiyo maana mikono yetu imezoea kuifunika nyama kwa maji mpaka izame. Katika chungu cha umeme mvuke unapanda, unagonga kifuniko cha kioo, unarudi chini. Maji uliyoweka asubuhi utayakuta yote jioni, na juu yake utakuta ya vitunguu, ya nyanya, ya kabichi na ya nyama yenyewe, ambayo si haba. Kwa kilo moja na nusu ya nyama pamoja na mboga zake, kikombe kimoja cha maji, yaani mililita 250, kinatosha. Nyama haitakiwi kuzama. Utaitazama asubuhi uone kama umeweka pakavu. Ondoka tu, ukirudi utakuta mchuzi.

Siku ambayo mchuzi umeshakuwa maji, usiongeze unga wa ngano ukakoroga mabonge. Opoa nyama na mboga, mimina mchuzi kwenye sufuria pana, uchemshe bila kifuniko kwenye gesi kwa moto mkali mpaka upungue. Njia ya pili, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ni korosho. Sisi tunaishi kwenye mkoa wa korosho halafu tunanunua vikopo vya kukolezea mchuzi! Chukua kiganja kimoja au viwili vya korosho zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa. Nunua vipande vilivyovunjika, ni rahisi zaidi na ladha ni ile ile. Loweka kwa maji ya moto nusu saa, saga na maji kidogo mpaka ziwe laini kabisa, kisha mimina kwenye mchuzi nusu saa ya mwisho. Mchuzi unashika, unang'aa, na nguruwe na korosho wanaelewana vizuri sana. Hakikisha tu ni zile zilizobanguliwa na kumenywa. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi na mdomo, si kitu cha kuchezea jikoni.

Sasa nyama. Kosa la steki ni usafi wake. Nyama ya kiunoni haina mafuta wala nyuzi ngumu, na inataka kupikwa haraka na kuliwa haraka. Ukiiweka kwa muda wa saa kumi kwenye moto wa polepole inakamua maji yake yote na kubaki nyuzi kavu, hata kama imezungukwa na mchuzi. Unachotaka ni kipande ambacho muuza bucha anakipunguzia bei: bega, shingo, au paja la mbele na mfupa wake. Vipande hivyo vimejaa ile tishu nyeupe inayoshikilia misuli, ambayo ikipikwa haraka ni mpira. Ikikaa kwenye joto la digrii 70 na kuendelea kwa saa nyingi inayeyuka ikawa utelezi, na utelezi huo ndio unaoifanya nyama iwe laini na mchuzi uwe mzito. Nguruwe wa kipande kizima ni salama kuliwa akifika digrii 63 katikati na kupumzishwa dakika chache, wa kusaga digrii 71. Bega la kuchambuka kwa uma linataka zaidi ya hapo, karibu digrii 90, na chungu chako kinafika huko taratibu kikiwa na umeme wa kutosha.

Kata vipande vikubwa, kama ngumi yako. Vile vidogo vya rosti ya kitimoto ni vya kikaango, humu vitasambaratika. Na kwa kuwa unakaa nje muda wa saa 11, bega lenye mfupa ndilo litakalokuvumilia.

Kuna jambo chungu hiki hakiwezi kabisa: kukaanga nyama ikawa ya kahawia. Penye maji joto halipiti digrii 100, na ile rangi na harufu ya nyama iliyokaangwa huanza kama digrii 140. Kwa hiyo kaanga vipande kwanza kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, dakika mbili tatu kila upande, kwa mafuta yake mwenyewe. Watu wengi wataruka hatua hii kwa uvivu. Ukiiruka chakula kitaiva, ila kitakuwa na sura na ladha ya nyama ya kuchemsha ya hospitali, na hiyo nadhani unaiona ya kutosha kazini.

Viazi vigumu ni jambo linaloshangaza wengi: nyama imeiva, kiazi bado! Katika chungu hiki mboga za mizizi huchelewa kuliko nyama. Kinachoshikilia kiazi na karoti hakianzi kulegea mpaka joto lipite digrii 85 hivi, na kwa moto mdogo chungu kinaweza kuchukua saa tatu nne kufika hapo. Wewe ukaweka nyama chini na viazi juu, mbali kabisa na moto. Geuza. Mizizi yote ikae chini na pembeni, ikigusa kuta za bakuli, imekatwa vipande vidogo vya sentimita mbili au tatu. Nyama ikae juu yake.

Sababu ya pili ni uchachu. Nyanya, ndimu, ukwaju na embe bichi hukaza mboga za mizizi. Kiazi kikikaa ndani ya nyanya nyingi tangu asubuhi kitakugomea mpaka usiku. Weka nyanya mbili tatu tu mwanzoni, zilizokaangwa na vitunguu mpaka zikavurugika. Ndimu au ukwaju uingie mwishoni kabisa, wakati wa kupakua. Hapo utausikia vizuri zaidi pia, maana ladha ya ndimu iliyopikwa kutwa hupotea na kuacha uchungu.

Kuhusu hivyo viazi mviringo vyenyewe, sioni ulazima. Vinatoka mbali, vinatufikia vimechoka na bei imepanda. Magimbi yanakaa vizuri sana katika chungu hiki, hayapasuki, na yanashika mchuzi. Viazi vitamu ni vizuri ila vipande viwe vikubwa zaidi, maana vinalegea upesi. Boga lile gumu la rangi ya chungwa liweke juu ya nyama, lisikae chini, ili libaki na umbo. Mbaazi mbichi, ambazo huku kwetu zinaanza kujaa sokoni katikati ya mwaka, zimenye, uziweke tangu asubuhi. Ni tamu kupita njegere za kopo. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, usiiingize humo. Ichemshe peke yake, uile na chumvi na pilipili kama inavyostahili.

Mihogo ni nzuri pia, lakini hapa nisimame kidogo. Mhogo una sumu ya sianidi, kidogo kwenye mihogo mitamu na nyingi kwenye ile michungu. Wenye umri wangu wanakumbuka habari za konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ulioonekana mkoani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Sumu hiyo huruka na mvuke, na kifuniko cha chungu chako kazi yake ni kurudisha mvuke ndani. Kwa hiyo chagua mihogo mitamu tu, kutoka kwa mkulima au muuzaji unayemjua. Imenye ganda lote pamoja na ngozi ya pinki ya ndani, ichemshe dakika kumi kwenye sufuria iliyo wazi yenye maji mengi, mwaga maji hayo, ndipo iingie kwenye chungu. Mihogo michungu isiingie kabisa, kuchemsha hakuitoshi. Inataka kulowekwa, kuchachushwa na kukaushwa, na hiyo ni kazi ya unga. Kisamvu nacho, kikishatwangwa, kichemshwe kwanza wazi.

Nitaje na maharage mekundu, maana najua siku moja utapata wazo hilo. Maharage hayo yakiwa mabichi yana kitu kinachochafua tumbo vibaya, mtu anatapika ndani ya saa chache. Moto wa polepole unaweza usikiondoe. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu kwenye sufuria dakika 30 katika maji mapya, ndipo uyahamishie kwenye chungu. Choroko na kunde hazina kiasi hicho cha sumu.

Mchicha, matembele, majani ya maboga, bamia: dakika 15 hadi 20 za mwisho, ukishavua viatu na kuosha mikono. Nyanya chungu na bilinganya nusu saa hadi saa moja. Kabichi saa moja, iliyokatwa minene. Tui la nazi lile zito nalo ni la nusu saa ya mwisho. Likipikwa kutwa hukatika, mafuta juu maji chini, na hapo hakuna ujanja wa kulirudisha. Ukitia korosho usitie na tui zito, chagua moja. Zote mbili pamoja na mafuta ya nguruwe zitakukinaisha kabla hujamaliza sahani.

Sasa siku yenyewe inavyokwenda, kwa chungu cha lita 5 na watu watano au sita. Usiku uliotangulia katakata bega kilo moja na nusu, liweke kwenye bakuli lake lenye kifuniko ndani ya friji, chini kabisa lisichuruzikie vitu vingine. Menya magimbi au mihogo nusu kilo hadi robo tatu, karoti nne, vitunguu viwili vikubwa, hivyo vikae chombo kingine. Mihogo iwe imeshachemshwa. Usiviweke ndani ya lile bakuli la chungu ukalitia kwenye friji, kwa sababu mbili: bakuli baridi la kauri likikutana na moto linaweza kupasuka, na chakula kinachoanza baridi kinachelewa mno kufika kwenye joto la usalama.

Amka saa 11. Mimina maji ya moto kwenye bakuli la chungu lipate joto, washa moto mkubwa. Kaanga nyama, iweke pembeni. Kwenye mafuta yaliyobaki kaanga vitunguu mpaka vilegee, tia tangawizi ya kusaga kijiko kimoja cha chakula, vitunguu saumu punje tano, bizari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga nusu kijiko, kijiti kimoja kifupi cha mdalasini na nyanya tatu. Mdalasini usizidi hapo. Viungo vizima vikikaa saa nyingi vinatawala chungu chote. Nyanya zikiiva tia kikombe cha maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, rudisha nyama, acha ichemke kweli kweli dakika kumi. Wakati huo tupia mizizi kwenye maji yanayochemka dakika tano, ichuje. Mwaga maji ya chungu, panga mizizi chini, nyama na mchuzi wake unaochemka juu, pilipili mbuzi moja nzima na kikonyo chake isipasuke, funika. Chungu kiwe kimejaa kuanzia nusu hadi theluthi mbili. Kikiwa na chakula kidogo chini kitaungua, kikifika mdomoni hakitaiva kwa wakati. Unapotoka saa 12 geuza kwenye moto mdogo.

Utasema mbona hii ni kazi kama ya kupika kawaida. Ni nusu saa. Na huko kuchemsha kwanza nina sababu nako kubwa kuliko ladha, nitaieleza kwenye umeme.

Jioni toa pilipili na mdalasini, engua mafuta yaliyoelea juu kwa upawa, maana bega lina mafuta na si lazima uyale yote. Onja chumvi, tia korosho au tui, geuza moto mkubwa nusu saa, na mchicha uingie dakika 15 hadi 20 za mwisho. Saga punje mbili za kitunguu saumu kibichi uzitie dakika za mwisho, kwa sababu zile za asubuhi zimeshapoteza ladha. Ndimu mezani. Wali unafaa, lakini mimi ningekula na ugali.

Mchana ukiwa nyumbani siku ya mapumziko usifunuefunue. Kila ukifunua, joto linatoka na chungu kinahitaji dakika 20 hadi 30 kulirudisha. Siku hizo pia unaweza kutumia moto mkubwa, saa nne hadi tano zinatosha. Moto mkubwa na mdogo katika vyungu vingi huishia karibu joto lile lile, kinachotofautiana ni muda wa kufika.

Haya, umeme. Bakteria wanaoharibu chakula wanastawi kati ya digrii 5 na 60. Katikati ya hapo, mahali pa vuguvugu penye nyama na mchuzi, wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Chungu kikiwa kinafanya kazi kiko juu ya 60 na hakuna tatizo. Umeme ukikatika kinashuka polepole, na kwa sababu ni kizito na kimefunikwa kinakaa muda mrefu kwenye lile eneo la hatari. Wewe uko wodini, hujui ulikatika saa ngapi wala kwa muda gani. Kanuni inayofuatwa ni kali na mimi naifuata: ukirudi ukakuta umeme umekatika na hujui tangu lini, chakula hicho kimwagwe, hata kama kinanukia na nyama imelainika. Najua kilo moja na nusu ya nyama inauma kumwaga. Lakini kukipasha moto upya hakukutoi, kwa sababu baadhi ya bakteria huacha sumu isiyovunjwa na kuchemsha. Wanakufa wao, sumu inabaki. Uliyokula wiki iliyopita umeshaepukana nayo, tuyaache.

Kama uko nyumbani ukikatika ni rahisi: hamishia kwenye sufuria, weka kwenye gesi au mkaa, malizia. Na kama nyama ilikuwa imeshaiva kabisa ndipo umeme ukakatika, una saa mbili za kuila au kuiingiza kwenye friji.

Tatizo la vyungu vyenye swichi ya kuzungusha ni kwamba umeme ukirudi vinaendelea kama hakuna kilichotokea, nawe unakuta moto jioni ukadhani siku ilikuwa shwari. Vile vya vitufe na kioo cha namba, vingi vikikatikiwa vinazimika na havijiwashi tena. Dawa ya cha kuzungusha ni saa ndogo ya mezani inayotumia umeme wa ukutani bila betri. Chomeka karibu na chungu. Ukikatika na kurudi, saa inaanza upya au inawaka na kuzimika, nawe ukihesabu utajua umeme ulirudi lini. Au mwombe jirani anayeshinda nyumbani akuandikie ujumbe, huyo huyo anayetaka ukiuze.

Ndipo inapokuja faida ya kuchemsha kwanza. Ukiweka nyama baridi na maji baridi kwenye moto mdogo, chungu kinatumia saa kadhaa kupita lile eneo la hatari, na umeme ukikatika saa ya pili umekikamata katikati. Ukianza na mchuzi unaochemka, chakula kiko juu ya digrii 60 tangu dakika ya kwanza, na katizo fupi la dakika 20 halikishushi kufika hatarini. Kwa sababu hiyo hiyo nyama iliyoganda isiingie kamwe. Iyeyushwe kwenye friji tangu jana yake.

Halafu kuna umeme mdogo, ambao watu hawaufikirii. Taa zinafifia jioni, feni inazunguka kwa kusinzia, nawe unadhani chungu kinaendelea kupika. Nguvu ya kifaa cha joto hushuka kwa haraka kuliko volti zenyewe: kwenye volti 180 badala ya 230, chungu kinapata kama asilimia 61 tu ya nguvu yake. Ndiyo maana mapishi yaliyoandikwa Ulaya ya saa nane huku yanaweza kutaka kumi. Kipime siku ukiwa nyumbani. Jaza maji nusu, funika, weka moto mdogo saa nane bila kufunua, kisha chomeka haraka kipimajoto cha chakula. Maji yakiwa digrii 85 au zaidi kiko sawa. Yakiwa chini ya hapo, chungu hicho au umeme wa mtaa wako si wa kuachiwa nyama kutwa. Kwa kuwa kimetoka Uingereza plagi yake inaingia kwenye soketi zetu na volti zinalingana. Kingetoka Marekani ningekuambia usome kwanza maandishi ya chini yake, vingi vya huko ni vya volti 120 na vingekufia siku ya kwanza.

Gharama isikutishe. Chungu cha wati 200 kikikaa saa 11 kinakula uniti 2 na kidogo za LUKU. Soma wati zilizoandikwa chini ya chako, zidisha kwa saa, gawa kwa 1,000.

Usitumie saa ya soketi ya kuchelewesha kuwasha, eti kianze saa nne asubuhi. Nyama itakuwa imekaa kwenye joto la Mtwara saa nzima nne, na Desemba na Januari unalijua lilivyo.

Kwenye bucha angalia nyama kabla haijafungwa. Ukiona vifuko vyeupe vya maji ndani ya nyama, ukubwa wa punje ya mchele mpaka mbaazi, hiyo ina tegu. Usinunue, hata kwa punguzo. Nunua iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Kupika vizuri kunaua tegu, ila sioni sababu ya kumpa nafasi.

Na kama umepanga nyumba moja na watu, na wengi wa majirani zetu ni Waislamu, chungu hicho, kisu na ubao wake viwe vya nguruwe peke yake na visikae kwenye jiko la wote. Usimpelekee mtu bakuli bila kusema ndani yake kuna nini. Ukitaka kuwakaribisha, mapishi haya yote yanakwenda na nyama ya mbuzi au ng'ombe ya mguuni, kwenye sufuria nyingine.

Kilichobaki usiku kigawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, au saa moja siku za joto kali. Usiingize bakuli zima la moto, katikati yake itabaki vuguvugu mpaka alfajiri. Kesho yake pasha kwenye sufuria mpaka kitokote, usipashe kwenye chungu cha umeme, ni kile kile kisa cha kuchelewa. Kiliwe na kiishe ndani ya siku tatu nne.

Masasi ni kama kilomita 200, na basi likisimama Mnazi Mmoja na Ndanda saa zinakwenda. Mchuzi wa moto kwenye hotpoti utafika ukiwa vuguvugu, yaani pale pale pabaya. Njia salama ni kuugandisha kwenye friza usiku kucha ukiwa kwenye chombo chembamba, uufunge kwa magazeti na blanketi ndani ya boksi, na ukifika uchemshwe siku hiyo hiyo. Lakini kama mama mkwe ana jiko na bucha iko karibu, mimi ningebeba korosho zilizosagwa kavu na viungo tu, nikanunua bega huko huko na kumpikia nyumbani kwake kwenye sufuria ya mkaani yenye kifuniko kizito, saa tatu kwa moto wa makaa machache. Maji hapo weka vikombe vitatu.